Mlango wa Pande Mbili

Hodi, wenye nyumba!

— Karibu!

Nimekuja na mgeni.

— Mgeni yupi?

Mgeni wangu ni ngano. Miguu hana, lakini kafika. Meno hana, lakini anauma.

— Aingie, akae, tumsikilize!

Basi sogeeni. Na wewe uliyelala huko nyuma, lala tu, ila sikio moja uniachie.

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba kama tunavyojenga sisi, kwenye kona ya mto palikuwa na fundi aitwaye Kigogota. Ni yule ndege mdogo anayegonga miti. Mwili wake ulienea kiganjani, lakini mdomo wake ulikuwa tezo, patasi na nyundo, vyote pamoja. Akikuta ubao, hana maneno. Ko-ko-ko-ko! Ua limetoka. Ko-ko-ko-ko! Jani limetoka. Wapita njia walisimama kumtazama mpaka wakasahau walikokuwa wanakwenda.

Kigogota na mkewe walikaa kwenye tundu la mvule mkubwa, mrefu mno, ukitazama kilele chake shingo inauma. Msimu huo mkewe alikuwa amelalia mayai matatu, nayo yalikuwa mayai yao ya kwanza baada ya misimu miwili mitupu. Kila akirudi kazini, Kigogota alichungulia tunduni. Moja, mbili, tatu, yote yapo. Ndipo alipopumua na kutafuta chakula.

Kwenye kona hiyohiyo aliishi Kiboko. Ukubwa wa mwili wake mnaujua, sitauhangaikia. Ukubwa wa tamaa yake ndio wa kusimuliwa. Akiona kivuli kizuri, alisema changu. Akiona mchanga mweupe, alisema wangu. Akiona njia ya kwendea maji, alisema yangu, na tangu siku hiyo wenye kiu wakawa wanazunguka mbali. Nani abishane naye? Alikuwa akipiga miayo tu, haaa, swala mzima anaweza kuingia mle mdomoni na kugeuka.

Siku moja Kiboko akasikia habari za nyumba za wakubwa huko mjini. Akasikia kwamba milango yao ina nakshi, kuta zao zina vidaka vya kuwekea sahani za kaure, na vyumbani mwao mna samadari, vile vitanda virefu vya kuchongwa ambavyo mtu hupanda kwa kigoda. Akasikia, akakosa raha. Asubuhi akatoka majini, dundu, dundu, dundu, mpaka kwenye mvule. Akaujaribu kwa bega. Mti ukatikisika, mayai yakagongana, tok, tok, na mke wa Kigogota akayafunika kwa mabawa yake.

"Fundi," Kiboko akasema, "utanijengea nyumba ya heshima. Uweke mapambo yote waliyonayo wakubwa, lisisazwe hata moja. Na samadari yangu itatoka kwenye mvule huu."

Kigogota akamwambia kwa adabu kwamba mvule ule ulikuwa na watoto wake ndani.

"Watoto ni wengi duniani," Kiboko akajibu. "Mvule kama huu ni mmoja."

Jamani, lile neno lilimwingia Kigogota mpaka kwenye mifupa. Angekataa, angekanyagwa yeye na mti na mayai kwa pamoja. Angekubali, mti ungeanguka siku hiyohiyo. Akatafuta jambo la kati, na akalipata ndani ya kazi yake mwenyewe. Akamweleza bwana mkubwa kwamba samadari haianzi. Samadari hupimwa kwa chumba, chumba hupimwa kwa ukumbi, na ukumbi hupimwa kwa mlango. Nyumba za wakubwa husimamishwa mlango kwanza, kuta hufuata. Anayeanza na kitanda, watu watajua kwamba nyumba hakuzoea.

Na hilo halikuwa uongo, ndivyo mafundi walivyofanya. Kiboko, ambaye hakutaka ionekane kwamba nyumba hakuzoea, akasema vizuri, uanze mlango.

Kigogota akaenda kwenye mninga uliokuwa umeangushwa na mafuriko, akaanza. Ko-ko-ko-ko! Akachonga miimo miwili, akaizungushia mnyororo usio na mwanzo wala mwisho. Ko-ko-ko-ko! Chini akachonga mawimbi. Ko-ko-ko-ko! Juu, kwenye kizingiti, akachonga mayungiyungi, yale maua yanayoelea kwenye maji yaliyotulia, kila moja na petali zake, jingine limefumba, jingine limefumbuka, jingine ndiyo kwanza linaamka. Akachonga siku kumi na tano. Kisha akausimamisha mlango peke yake uwanjani, bila nyumba, akamwita mwenyewe.

Kiboko akaja, dundu, dundu, dundu. Akafika. Akasimama.

Kigogota alitarajia kusikia "wangu". Badala yake Kiboko alisogeza pua polepole kwenye ua moja, kisha akaizuia pumzi yake isije ikalilowesha. Akakaa hivyo, pumzi imezuiwa, macho yamemtoka, mpaka masikio yakaanza kumcheza.

"Maua haya nimeyala maisha yangu yote," akasema kwa sauti ndogo. "Sijayaona hata siku moja."

Hapo Kigogota akashangaa kuliko alivyowahi kushangaa. Alikuwa amemjua Kiboko kama mdomo na uzito, basi. Sasa alimwona jitu lile limesimama mbele ya ubao likiogopa kuugusa, akajua kwamba ndani ya tumbo lile kulikuwa na moyo unaopenda vitu vizuri kwelikweli. Akafurahi kama fundi anavyofurahi. Halafu akawakumbuka watoto wake, akaiweka furaha ile pembeni, akashika alichokiona.

Akaendelea kumweleza mteja wake habari za mlango, nyingine za kweli, nyingine zake mwenyewe. Huu ni wa pande mbili, akasema, upande wa kulia na upande wa kushoto. Siku zote hufunguliwa upande mmoja, wenyeji na wageni wakapita. Pande zote mbili hufunguliwa kwa mambo mawili tu: harusi ikiingia au ikitoka, na maiti akitolewa. Atakayezifungua pande mbili kwa jambo jingine, hana nyumba tena, ana banda, na vilivyomo huwa kuni. Hivyo ndivyo walivyo wenye nyumba zao.

Kiboko akapenda mno. Jambo lolote lililofanywa na wakubwa, alilitaka. Akamwita Nguchiro, ambaye ndiye aliyekuwa mpiga mbiu wa kona ile, akamwamuru atangaze. Nguchiro akazunguka vichaka vyote na pembe yake. Pu-puu! Mlango wa Bwana Kiboko ni wa harusi na msiba! Pu-puu! Atakayeufungua pande mbili bure, nyumba ni banda na vyombo ni kuni! Hakubaki hata mjusi ambaye hakusikia.

Kuta zikapanda. Ko-ko-ko-ko! Ni boriti za dari hizo, zimepakwa rangi nyekundu na nyeusi. Ko-ko-ko-ko! Ni kiti cha enzi cha mpingo, mgongo wake mrefu umesukwa kwa kamba nyembamba. Ko-ko-ko-ko! Ni kasha la kuwekea nguo, misumari ya shaba imepangwa juu yake nyota kwa nyota. Kuta zilipigwa chokaa na kusuguliwa kwa jiwe laini mpaka zikateleza. Ndani ya kuta vikachongwa vidaka, safu juu ya safu, na kila kidaka kikapewa sahani yake ya kaure, sahani za buluu na nyeupe, ambazo Nguchiro alizifukua kwenye magofu ya mji wa zamani. Mnana, yule ndege msusi, akafuma mapazia meupe marefu ya kuburura sakafuni, na mito ya almaria, na zulia ambalo ukilikanyaga husikii nyayo zako. Kikaja kioo kikubwa chenye fremu ya dhahabu. Kikaja chetezo cha udi. Ikaja taa ya kuning'inia, na jua la dirishani lilipoipiga, rangi zake zilitembea ukutani taratibu, nyekundu, kijani, zambarau.

Siku ya mwisho Kigogota alitua juu ya kasha kupumzika. Akatazama. Akasahau kufunga mabawa yake. Alijua kila msumari ulipoingilia, na bado alijiona mgeni pale, akaona haya hata kukohoa. Katikati ya chumba cha ndani palikuwa patupu, mahali pa samadari.

Na mvuleni je? Mayai yalikuwa yameanguliwa. Watoto watatu, uchi, macho yamefumba, midomo wazi kutwa. Kuruka bado kabisa. Mkewe alimuuliza Kigogota amebakiza siku ngapi za uongo. Kigogota akamwambia uongo umekwisha, sasa amebaki na ukweli aliouona Kiboko aliposimama mbele ya maua, na ataujaribu huohuo.

Siku ya kuingia nyumba Kiboko alioga mara tatu. Akafuta miguu kwenye mkeka, mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne. Nguchiro akapiga pembe, vigelegele vikapigwa, maana siku ya mwenyewe kuingia nyumba mpya huhesabiwa harusi. Kigogota akafungua upande wa kulia, kriii. Akafungua upande wa kushoto, kriii. Kiboko akavuta tumbo, akaingia. Wengine wote wakabaki uwanjani, isipokuwa fundi. Kigogota akafunga upande wa kushoto, akashusha komeo. Kacha!

Kiboko hata hakusikia. Alikuwa anatazama sahani. Alitazama sahani ya kwanza, akasema aaa. Alitazama ya pili, akasema aaa. Zilikuwa sahani mia moja na arobaini, na zote alizisemea aaa. Akatazama boriti, akatazama kiti, akatazama rangi za taa zikipita juu ya mgongo wake mwenyewe ndani ya kioo, na machozi yakamtoka. Kigogota aliyekuwa kwenye kona ya kasha alimwona, na kusema kweli naye yalimlenga.

Jua lilipofika utosini, Kiboko akafika chumba cha ndani, akaona pale patupu.

"Kesho nitauangusha ule mvule," akasema.

"Sawa, bwana mkubwa," Kigogota akasema. "Ukishatoka."

Kiboko akaenda kutoka, maana ngozi ilianza kumwasha na mto ulikuwa unamwita. Akapitisha kichwa kwenye upande uliokuwa wazi. Kichwa kikapita. Akapitisha bega. Bega likapita kwa taabu. Akapitisha tumbo. Tumbo likakataa. Akarudi nyuma, akaamuru ule upande mwingine ufunguliwe.

Kigogota akamuuliza ni harusi au ni msiba.

Kiboko akasema si harusi wala si msiba, anakwenda kuoga. Kigogota akamkumbusha mbiu ya Nguchiro. Uwanjani wamejaa majirani, kila mmoja ameisikia, na kila mmoja anatazama mlango. Ukifunguliwa bure, nyumba ni banda na vyombo ni kuni.

Sasa mtaniuliza, kwani hakuweza kuvunja? Aliweza. Bega moja tu, na mlango, na ukuta, na dari, vyote chini. Kigogota alilijua hilo, na moyo wake ulikuwa unadunda kuliko mdomo wake unavyodunda kwenye mti. Kiboko akarudi nyuma hatua tatu. Akainamisha kichwa. Akavuta pumzi. Kisha akanyanyua macho kwenye kizingiti, akayaona mayungiyungi kwa upande wa ndani. Kigogota alikuwa ameyachonga na huko pia. Pumzi ikamtoka Kiboko polepole, fyuuu, akaketi sakafuni.

Siku hiyo ikapita. Siku ya pili ngozi ikaanza kumkauka, kwaru, kwaru. Viboko wakikauka hutokwa jasho jekundu, na Kiboko alipoona tone linataka kudondoka, alilisogeza zulia kwa mdomo, taratibu, lisichafuke. Akakaa kwenye sakafu tupu, amejikunja, akiogopa kugeuka asije akaangusha sahani. Siku ya tatu akaita kwa sauti iliyopasuka.

"Fundi, nitakufa humu."

"Nitoe ushauri?" Kigogota akauliza.

Akamweleza kwamba njia mbili zipo na zote ni za heshima. Ya kwanza, atolewe kama bibi harusi. Atavikwa ushungi, atapigiwa vigelegele, mlango utafunguliwa pande zote. Kiboko alikuwa amekauka, lakini masharubu yake bado yalisimama. Dume zima la mto, atolewe na ushungi mbele ya nyani? Akakataa katakata.

Ya pili, basi, atolewe kama maiti. Kazi yake ni kulala tu na kunyamaza. Na kwa kuwa hakuna wa kuweza kuchimba kaburi la ukubwa ule, watamzika mtoni.

"Hiyo," Kiboko akasema. "Nimekufa. Itangaze upesi."

Pu-puu! Bwana Kiboko hatunaye! Pu-puu! Wakaja wote. Nyani walilia sana, na walichokuwa wanalilia hata wao hawakukijua. Swala walijitahidi, machozi yakagoma. Mnana alishusha mapazia yake saba yakawa sanda. Kigogota akafungua upande wa kulia, kriii, akafungua upande wa kushoto, kriii, na nyati kumi na wawili wakambeba marehemu mabegani wakiugua, ehe, ehe, ehe, mpaka ukingoni. Chubwi! Maji yakapanda mpaka kwenye matawi, kisha yakatulia. Majirani wakanawa miguu, wakarudi nyumbani kwake kula matanga.

Kiboko alikunywa, akaoga, akalala chini ya maji usingizi mzito kuliko wa maiti. Alipozinduka, mchana wa pili, alijisikia mzima, akashika njia yake, dundu, dundu, dundu, kwenda kuuangusha mvule. Akapita nyumbani kwake. Upande mmoja wa mlango ulikuwa wazi. Ndani, mtoto wa swala alikuwa amekaa kwenye kiti cha enzi, miguu haifiki chini, na bibi mmoja Kobe alikuwa anatembea na sahani ukutani, moja baada ya nyingine, akisema aaa.

Kiboko akauliza kwa ngurumo ni nani aliyewaruhusu kuingia nyumbani mwake. Nguchiro akatoka mlangoni akijifuta midomo. Akamwambia mwenye nyumba hii wamemzika juzi, ndugu hakuacha, na mali yake imekuwa ya wote. Kivuli ni cha wote. Mchanga ni wa wote. Njia ya kwendea maji ni ya wote. Mvule ni wa walio ndani yake.

Kiboko akacheka kwa hasira. Akasema yeye hakufa, alijilaza tu, na fundi ni shahidi.

Kigogota alikuwa juu ya kizingiti. Akashuka mpaka wakatazamana, kitu cha kiganjani na kitu cha mlima.

"Nitashuhudia utakavyo, bwana mkubwa," akasema. "Kama ulikufa, mlango ulifunguliwa kwa haki, na nyumba itakaa hivi ilivyo. Kama hukufa, pande mbili zilifunguliwa bure. Ni banda. Leo hiihii nitatoa nakshi zote kwa mdomo huu, sahani zitavunjwa, na hivi vingine tutapikia. Sema wewe. Ulikufa, au ni banda?"

Kiboko akafungua mdomo wake ule wa kumeza swala, haaa, akaufunga. Akatazama miimo. Akatazama mnyororo usio na mwanzo wala mwisho. Akatazama mayungiyungi, lililofumba, na lililofumbuka, na lile lililokuwa ndiyo kwanza linaamka. Upande wa mvule zikasikika sauti tatu nyembamba zikidai chakula.

"Nilikufa," akasema.

Akageuka akarudi mtoni. Tangu siku hiyo anakaa ndani ya maji kutwa, ameacha macho na masikio tu juu, anatazama ng'ambo. Watu husema anakwepa jua. Kigogota alimwonea huruma, nasema kweli alimwonea huruma, maana katika wote waliokula matanga ndani ya nyumba ile, hakuna aliyeipenda kama marehemu. Watoto wake watatu walipojifunza kuruka, aliwapeleka kuyaona maua ya mlangoni, akawaambia wayatazame kwa adabu, kuna mtu anayatazama kutoka mbali.

Sasa, wenzangu, kila ngano huacha funzo, na langu ni hili. Msiwe waongo. Mwongo mwisho wake ni mbaya: atabaki na mti wake, na mke wake, na watoto watatu wenye afya, na majirani wakimsifu. Na pia, mkijenga nyumba, wekeni vyombo vibaya vibaya. Vizuri vitawafanya muwe watu wema, na mtu mwema, mmeona, anazikwa mapema.

Mgeni wangu ameaga.

— Aende salama!

Ameacha nini?

— Ameacha meno!

Basi atakayeumwa ajikune mwenyewe.